Mkate Ulioumwa Mara Moja

Apendeki, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Barua hii nimeiweka juu ya viatu vyako kwa sababu najua viatu ndivyo utakavyovishika mwisho. Isome kabla hujavivaa. Naandika mchana, maana usiku siwezi. Siku hizi taa ya nyumba moja hapa Baraka inaita askari kutoka mbali, na leo sitaki mgeni. Sangani mwenye boti amepita mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Leo ziwa iko mubaya, tutaangalia." Mara ya pili akasema, "Mutoto akae tayari." Kisha akaondoka bila kuniambia nishike neno lipi. Tangu hapo nainuka kwenye kiti, naenda mlangoni, natazama maji, narudi, nakuta nimesahau nilichotaka kuandika.

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya mwili na ya roho: mafuta ya kupaka, sala ya asubuhi, ndagala, vile visamaki vikavu, za kutafuna njiani, upande gani wa kikwembe utakachojifunga umeshonewa hela. Hayo nayaacha, maana nikiyarudia ataniambia namharibia kazi. Mimi nimebakiwa na Tashkent tu, mji ule wa mbali nilikosoma na unakokwenda sasa.

Umeguna, nakusikia. Tangu utoto wako Tashkent hii imekuchosha. Watu wa kiwanda cha pamba ndio walionibandika jina la Mzee Tashkenti, nanyi watoto mkalichukua mkadhani sijui. Nikianza hadithi ya theluji, wewe ulikuwa unaimalizia ukiwa jikoni: "Na ikafika ku magoti!" Nilikuwa nacheka, lakini hadithi zile nilizichagua kwa ajili ya kuchekesha. Matikiti matamu kama asali, wanawake wenye meno ya dhahabu, farasi aliyekula kofia yangu. Sasa unakwenda mwenyewe. Ukizitafuta hadithi zangu huko utazikosa, na utamwona baba yako mwongo. Heri nikupe zile ambazo sikuzisimulia.

Unajua jinsi nilivyokwenda. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, vita vya baba zetu viko milimani huku Fizi, na wakubwa wakachagua vijana waliojua kusoma, wakatupakia kwenye boti kuelekea Kigoma, njia ile ile utakayopita wewe. Kutoka hapo tukasukumwa mbele, mkono kwa mkono, mpaka kwa watu waliotupa makoti. Waliniuliza nataka kusoma nini. Nikasema udaktari. Wakasema pamba. Nikasema pamba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa bwana pamba, mpaka vita hivi vya sasa vilipobeba mabati ya kiwanda na pamba yenyewe ikabaki bila wa kuichuma. Nchi iliyonipokea ilikuwa kipande cha nchi kubwa ambayo haipo tena. Yetu nayo imebadilishwa jina. Kwa hiyo ukipotea njia huko, muulize mtu wa huko, usiniulize mimi.

Seif atakupokea Dar es Salaam kwenye stesheni ya treni. Yule Mtanzania tuliyelala naye chumba kimoja miaka yote ya Tashkent ndiye aliyezungukia ofisi hadi ukapata nafasi kwenye shule ya ukunga huko Tashkent. Mwite baba mdogo. Atakukaripia kwa kubeba vitu vingi, kisha atakuongezea vingine.

Nianze na chai, maana chai ndiyo iliyoniaibisha kwanza.

Huko wanakunywa kwenye vibakuli visivyo na mkono. Nilikuwa sijamaliza mwezi nilipoalikwa nyumbani kwa Mama Oyniso, mama wa mwanafunzi mwenzetu. Alikuwa mjane, mumewe alibaki kwenye vile vita vyao vikubwa vya zamani. Alinikalisha chini kwenye godoro lililotandikwa vizuri, mahali pa mbali kabisa na mlango, ambapo baadaye niliambiwa ni pa heshima. Akachukua birika, akanimiminia chai kidogo. Kidogo hivi kwamba nilichungulia chini ya bakuli nione kama limetoboka.

Mimi mtoto wa Fizi! Huku ukimpa mgeni kikombe ambacho hakikujaa, ukoo wake wote utalijua jambo hilo kabla ya misa ya Jumapili. Nikanywa. Akaongeza kidogo tena. Nikanywa. Akaongeza. Birika limejaa, sukari ipo, na huyu mama ananipimia kama dawa ya minyoo. Nilikasirika, Apendeki, na nikwambie kwa nini: nilikuwa na hamu ya nyumbani, nilitaka mtu yeyote anijazie kitu chochote.

Basi nikaamua kumfundisha adabu. Nilishika birika kwa mikono miwili, kama tunavyofanya kwa mkwe, nikamjazia Mama Oyniso bakuli lake mpaka chai ikavuka ukingo na kulowesha kitambaa. Mwanawe akatazama ukuta. Mama Oyniso akasimama taratibu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akajitanda shali, akasema neno ambalo mwanawe alinitafsiria huku akiona haya: "Mgeni amenifukuza. Sasa niende wapi?" Kisha akacheka, akakaa tena.

Kule bakuli lililojaa lina maana ya kunywa umalize uende zako. Anayekutaka anakumiminia kidogo, ili chai isipoe, na ili apate sababu ya kuinuka kwa ajili yako tena na tena. Mimi nilidhani ananinyima, kumbe alikuwa ananizuia nisiondoke.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kupita kiasi. Niliporudi nikamposa mama yako, babu yako alishuka kutoka Lulimba na ndugu zake kuja kutazama nyumba ambayo binti yao ataingia. Nami, bwana pamba mwenye koti la Ulaya, nikawamiminia chai ya Tashkent. Babu yako alitazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, akatazama tena kikombe. "Balikufundisha kusoma kule, habakukufundisha kumwanga chai?" Nikaanza kueleza. Kueleza ndiko kulikoharibu kabisa. Alimgeukia ndugu yake akasema, "Huyu alirudia na choyo ya kwa baridi. Mutoto yangu atakufa njala." Wakainuka wote, vikombe vikabaki pale, hata hiyo nusu hawakuimaliza.

Posa ikasimama. Nilituma wazee mara moja, nikatuma tena, wakarudi na maneno ya chai tu. Aliyeifungua ni mama yako. Alimwambia baba yake mbele ya watu: "Papa, mi naolewa na muntu, siolewe na kikombe." Ukitaka kujua ujasiri wako umetoka wapi, usiutafute upande wangu.

Kwa hiyo, siku za mwanzo huko, utakapokasirika kwenye meza ya mtu, na utakasirika, kaa kwanza na hasira yako kabla hujashika birika. Sina zaidi ya hapo kuhusu meza. Mkate wao ni wa duara, usiugeuze uso chini na usiukate kwa kisu, uumege kwa mkono. Viatu unavua mlangoni, basi hakikisha soksi hazina matundu, mimi nilikula wali wa kwanza nimekunja vidole. Ukisalimiana na mwanaume mtu mzima, weka mkono kifuani uiname kidogo, usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Na waulize habari za nyumba, za watoto, za wazee, za mifugo. Hapo hutapata shida. Salamu zetu sisi zenyewe ni safari.

Baridi ya kule ni kavu, haina harufu kama ya kule mlimani Minembwe. Ukitoka nje vidole vimekufa, usivitie kwenye maji ya moto. Mimi nilivitia, nikalia kwa sauti, na Seif hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Nimeinuka tena. Nilisikia injini. Ilikuwa pikipiki, imepita.

Ona sasa, hilo ndilo nililotaka kukuambia, na sijui linaambiwaje. Kuna vitu umevijua humu ambavyo havina kazi kule, na havitabaki Baraka kwa sababu tu wewe umevuka. Unalala na viatu karibu na mkono. Ukiingia nyumba ya mtu unatafuta mlango wa nyuma kwanza. Kwenye barieri, pale askari wanapofunga njia, unaanza kuongea kabla askari hajafungua mdomo, unamwita chef, yaani mkuu, unamuuliza habari za nyumbani kwake, unamchekesha, kwa kuwa askari anayecheka anachelewa kukasirika. Nilikufundisha mimi. Yametusaidia, wewe na mama yako na mimi, siku ile tuliyokimbilia Ubwari na ile nyingine.

Kule nilisimamishwa na polisi juma la pili. Alitaka karatasi tu. Mimi nikamsalimia, nikamuuliza watoto wake hawajambo, nikamsifia koti, nikampa sigara. Akaona huyu kijana lazima ana kitu anachoficha. Nililala kituoni hadi watu wa chuo walipokuja kunichukua. Basi karatasi zako zote tembea nazo, ndani ya nguo, na ukiombwa, toa, nyamaza, subiri. Utaona kunyamaza kwenyewe ni kazi ngumu. Mdomo wako utataka kukuokoa.

Na watapasua baruti za sherehe. Hakuna atakayekuonya, kwa kuwa kwao ni furaha. Mimi nilikuwa nyumbani kwa Mama Oyniso, siku hiyo tunakula mezani kwa sababu ya wingi wa wageni, mara anga likalia. Nilipojua niko wapi nilikuwa chini ya meza, uso kwenye zulia, na mkono wangu umemvuta mjukuu wake kwa mguu nimfiche. Mtoto analia, wageni wanacheka, wengine wamesimama. Nilitamani zulia linimeze. Mama Oyniso hakucheka. Alifunga dirisha, akavuta pazia, akateremka chini polepole na magoti yake mabovu, akakaa sakafuni karibu na kichwa changu mpaka baruti zilipokwisha. Wageni nao, mmoja mmoja, wakakaa chini. Chakula tulikimalizia hapo sakafuni.

Sikuambii usilale chini. Mwili utalala wenyewe. Nakuambia tu kwamba ukiinuka, usiikimbie nyumba ile kwa aibu. Kaa umalize kula.

Tena neno moja, halafu nafika kwenye lile ninaloliogopa. Huko kuna maziwa mgando, yanaletwa kwenye bakuli asubuhi. Ladha yake ni ile ile ya maziwa ya yule mzee wa Minembwe aliyekuwa akituletea kwenye kibuyu, kabla njia ya mlimani haijafungwa na kila mtu hajaanza kumwogopa mwenzake. Ulikuwa ukimkimbilia njiani, sijui kama unakumbuka. Siku hizi jina la watu wake likitajwa sokoni watu wanashusha sauti, na huko kwao bila shaka wanashusha sauti kwa letu. Ukikutana kule na mtoto wa Minembwe, na dunia ilivyo ndogo utakutana naye, nakuomba umsalimie wa kwanza. Kule hakuna mwingine atakayejua Baraka iko wapi. Mimi nilimpata mmoja wao, nikampita kwa miezi kana kwamba ni mti, na siku nilipougua malaria, ni yeye aliyewaambia madaktari hii ni homa gani. Wao walikuwa wanajiandaa kunipasua tumbo.

Sasa lile.

Juzi ulikuwa unatwanga sombe, majani yetu ya muhogo, mimi nimekaa pale kwenye kigogo. Hukuinua macho. Ulisema, "Papa, mi nikienda, sitarudia." Ukatwanga. Kisha ukasema, "Kuko nini huku ya kurudilia?" Mimi nikasema, "Haya." Nikaondoka kwenda kumtazama mbuzi, na unajua sisi hatuna mbuzi tena, walimchukua wale waliopita mwezi uliopita. Nilisimama penye kamba yake mpaka ukamaliza kutwanga.

Nimekasirika tangu juzi. Nilimkasirikia Sangani kwa kuchelewa, nikamkasirikia kwa kuwahi. Nilimwambia mama yako hajaziba vizuri valizi yako ya nguo, naye akaniambia nikaizibe mwenyewe na mdomo wangu. Ni swali lako linanizungusha. Natafuta kitu cha kukujibu na macho yangu yanaangukia kiwanda bila paa, shule yenu imelala askari, mashamba tunayolima tukiwa tumegeuza shingo. Baba gani atamwambia mtoto wake, rudi kwenye hivi? Na baba gani atamwambia, usirudi?

Uliwahi kuniuliza kwa nini mimi nilirudi, nikakujibu kwa utani kwamba sikupenda supu yao. Nitakujibu vizuri. Waliniambia nibaki, kulikuwa na kazi kwenye kituo cha utafiti, na kulikuwa na msichana mmoja, hilo mama yako analijua na amelisamehe kwa masharti. Nilirudi kwa sababu nilidhani vita vimekwisha. Kuhusu vita nilikosea vibaya. Kuhusu kurudi, kila ninapojaribu kusema nilikosea, wewe unapita mbele yangu na ndoo ya maji kichwani. Hilo ndilo jibu langu lote. Si jibu la mtu aliyesoma, lakini sina jingine.

Asubuhi niliyoondoka Tashkent, Mama Oyniso alioka mkate. Alikuja nao ukiwa bado unatoa mvuke, akaushika mbele ya mdomo wangu, akaniambia niume. Niume mara moja tu, na uliobaki nimwachie. Nilirudi nyuma hatua nzima. Wewe umekulia hapa, unajua. Mtoto wa Kibembe anafundishwa kabla hajajua kutembea vizuri: usiache mabaki ya mdomo wako kwa watu. Mfupa uliokwanguliwa na meno yako, kipande ulichokiuma, hayo ndiyo wanayoyatafuta wale wasiokutakia mema. Nami nilikuwa nimesoma, nilikuwa na diploma ya sayansi ndani ya koti, na bado nikaogopa. Huyu mama niliyekula kwake miaka yote, leo naondoka, anataka meno yangu ya nini?

Niliuma kwa adabu. Halafu, alipogeuka kumwita mwanawe, nikatia mkate mzima kwenye mfuko, nikaaga haraka, nikashika njia.

Alinikimbiza mpaka kituo cha basi. Mama wa umri ule, na magoti yale, na mikono imejaa unga, anaita jina langu barabarani huku watu wanasimama kutazama. Seif, aliyekuwa akinisindikiza, alikufa kwa kicheko. Aliufungua mfuko wangu mwenyewe, akautoa mkate, akaupangusa, akamrudishia, akanieleza huku anahema. Kwao, mtoto anayeondoka anauma mkate, na uliobaki unatundikwa ukutani. Hauguswi. Hakuna anayeula hata wakiwa na njaa. Unamngoja aliyeuuma arudi aumalize. Mama Oyniso alitundika wa mumewe siku alipokwenda vitani. Na Seif aliponiambia ulikuwa bado upo, nilielewa kwamba hakuwa anataka meno yangu kwa ubaya wowote, nikalia kituoni kama mtoto. Basi likaja, nikapanda.

Sikurudi tena. Serikali yetu ya wakati ule haikuwapenda watu waliosoma kule, na paspoti yangu ilikaa kwenye droo ya mtu fulani hadi ikaoza. Lakini Seif alitumwa kule kikazi, kabla ya vita hivi kuanza, akapita kwenye ile nyumba. Mama Oyniso alikuwa amefariki. Mkwe wake alimpokea, akamkalisha mbali na mlango, akanyoosha kidole ukutani. Mkate wangu ulikuwapo, umekauka kama jiwe, na alama ya mwanya wa meno yangu ya mbele ilikuwa inaonekana vizuri pembeni. Mkwe alimwambia wamepaka nyumba rangi mara nyingi na kila mara wanauteremsha, wanapaka, wanaurudisha. Seif aliponiandikia hilo, niliisoma barua yake siku nzima, na mama yako akadhani nina homa.

Nikuombe kitu. Ukifika, nenda kwenye nyumba ile, Seif atakupa njia. Waambie wewe ni nani. Wakisita, tabasamu tu, ule mwanya wa mbele nilikupa mimi, watauona ukutani na kwenye mdomo wako. Kisha uteremshe mkate ule, uulowanishe kwenye chai yao ile kidogo kidogo, uule. Mimi sitafika tena. Nimechoka kuwangojesha watu wale.

Na hapa nyumbani, inua kile kitambaa cha bluu kilicho mezani. Mama yako ameoka mkate jana, kwenye sufuria yenye makaa juu na chini, kwa unga wa ngano alioupata kwa mke wa Sangani. Umeungua upande mmoja, usimwambie. Nilimweleza ninachotaka kuufanyia. "Mukate muzima," akasema, "na njala hii." Kisha akasema, "Na panya ya Baraka, zitajua maneno ya Tashkenti?" Nikajua anafikiria lile la mabaki ya mdomo, maana yeye analiogopa kuliko mimi, na wewe ndiwe mtoto pekee tuliyebaki naye. Alikwenda nje, akarudi. Alichoniuliza ni hiki tu: "Utaiweka wapi, batu basiione?"

Nitautundika juu ya jiko, pale tunapokaushia ndagala, kwa kuwa hewa ya ziwa hili ingeuotesha ukungu kabla hujafika Kigoma. Utanuka moshi na samaki. Tukikimbia tena, nitaubeba. Nimeshauandalia mfuko.

Lakini nisikilize vizuri. Ukitaka kuuma, uma, uache. Usipotaka, ubebe wote, ule kwenye boti, ugawane na wenzako, ni mkate mzuri na njaa ya ziwani ni kali. Sitakuuliza. Mama yako hatakuuliza, nimemwapisha. Ulichosema juzi kwenye kinu nimekisikia, na sitakufunga kamba ya mkate shingoni. Mtu asiyerudi naye ni mtoto wa watu. Nitakupenda ukiwa umeuma na nitakupenda ukiwa hukuuma, ila nisikudanganye, ukiwa umeuma nitalala vizuri zaidi.

Sangani amepita tena. Safari hii hakusimama. Amesema, "Jua ikizama, tunaenda," bila kugeuza kichwa.

Mimi niko nyuma ya nyumba, upande usio na dirisha, najifanya natengeneza ua. Nimepiga misumari pasipohitaji misumari, utanisikia. Siwezi kukuona, na nimejiweka hapa makusudi, basi fanya lolote ambalo moyo wako unataka, bila haraka.

Kando ya mkate nimekuwekea chai. Nilikumiminia kidogo, kama Mama Oyniso, nikakaa nikiitazama mpaka ikaanza kupoa. Kisha nikachukua birika nikaijaza, Apendeki, mpaka juu kabisa, mpaka ikamwagika mezani.

Papa yako